Baba anakwama mlangoni, lakini baiskeli anaiendesha

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Baba yangu ana miaka 67, kazi yake ilikuwa useremala. Mwaka wa tatu sasa mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ametulia, anatembea kwa kuburuta miguu, na akifika mlangoni anasimama kama aliyegandishwa. Cha ajabu, tukimshikia baiskeli akapanda, anakwenda vizuri hadi msikitini. Majirani wanasema ni jini, wengine wanasema anajitia. Hospitali walisema ni Parkinson, wakamwandikia levodopa yenye kabidopa. Kaka yangu mkubwa amezuia asianze, kwa sababu amesikia dawa hiyo ikianza mapema inaisha nguvu, kwa hiyo itunzwe kwa siku mbaya zaidi. Anataka tuuze shamba la minazi Pangani tumpeleke nje akapandikizwe seli shina. Shangazi naye ameleta unga wa mbegu za upupu. Tufanye nini, na utafiti umefika wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya yote nataka majirani zenu walisikie hili: baba yako hajitii. Mtu kukwama mlangoni kisha akapanda baiskeli akaenda zake ni jambo linalojulikana katika fani yetu. Mwaka 2010 madaktari wawili wa Nijmegen, Uholanzi, Anke Snijders na Bastiaan Bloem, walichapisha habari za mgonjwa wao wa miaka 58 aliyeishi na Parkinson kwa miaka kumi. Kwa miguu yake hakuweza kupiga hatua chache bila kuanguka. Walipompandisha baiskeli alikwenda, akakata kona, akarudi. Alipotia mguu chini tu, akaganda tena. Walimpiga video, na sisi madaktari wa huku na huko tuliitazama kwa mshangao, maana wengi wetu hatukuwahi kumuuliza mgonjwa swali hilo. Tanga, mji ambao baiskeli ndiyo miguu ya watu, tungelijua hili mapema kama tungeuliza.

Kutembea kwetu ni mazoea. Huwazi mguu gani utangulie. Mazoea hayo yanaendeshwa na sehemu za ndani kabisa za ubongo, nazo zinategemea kemikali iitwayo dopamini. Ikipungua, kile kilichokuwa kinajiendea chenyewe kinahitaji amri kila hatua. Pedali, kwa maelezo ambayo wengi wetu tunayakubali, zinaupa mwili mdundo kutoka nje: mguu mmoja ukishuka, mwingine hauna budi kupanda. Mlango unafanya kinyume chake. Macho yanaona upenyo mwembamba, ubongo unatakiwa uamue upya, na mguu unabaki ukingoja amri ambayo haifiki.

Hata hivyo msimwache apande peke yake barabarani. Hatari haipo katika kwenda, ipo katika kusimama ghafla na kushuka, na bodaboda za Tanga mnazijua. Nitarudi kwenye baiskeli hiyo baadaye, kwa sababu nina kazi nayo.

Seli zinazotengeneza dopamini zimekaa chini ya ubongo, katika kijisehemu chenye rangi nyeusi unachoweza kukiona kwa macho ubongo ukikatwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson weusi huo unafifia, kwa sababu seli zinakufa moja baada ya nyingine. Ndani ya zile zilizobaki kuna mabonge ya protini iitwayo alfa-sinuklini, ambayo imejikunja vibaya na kushikamana. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuwatazama watu sita tu, baadhi yao aliwaona wakipita njiani. Mpaka mkono unaanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshaondoka, na ugonjwa umekuwamo mwilini kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana ningependa umuulize baba yako na mama yako mambo matatu. Ni lini aliacha kusikia harufu ya samaki anayekaangwa jikoni? Tangu lini anapata choo kwa shida? Na je, kuna miaka alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini, mpaka mama akahamia mkeka wa pembeni? Mara nyingi dalili hizo hutangulia mtetemeko kwa miaka. Zikiwapo, daktari wake anapata uhakika zaidi.

Kingine ni maandishi. Niliwahi kumwona mzee mmoja mvuvi kutoka Tongoni aliyekuja na daftari lake la madeni ya samaki. Hakulileta kwa ajili yangu, lilikuwa mfukoni tu. Nilimwomba nilione. Kurasa za mwanzo tarakimu zilikuwa kubwa, zinavuka mistari. Kila nilivyofunua, zilikuwa zinapungua, na kwenye kila mstari zinaanza kubwa kiasi kisha zinasinyaa kuelekea mwisho, kama mchwa wanaoingia shimoni. Kurasa za mwisho mkewe ndiye aliyekuwa akiandika. Ugonjwa wake wote ulikuwa umeandikwa pale, tarehe kwa tarehe, na hakuna aliyeusoma. Baba yako ni seremala, bila shaka ana vipimo alivyoandika kwenye daftari au kwenye mbao. Vitafuteni, mpeleke kliniki.

Na asidhani yuko peke yake. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliozunguka nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia wana nini. Walikuwa nyumbani, wakiitwa wazee waliochoka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na linasema ulemavu na vifo vyake vinaongezeka haraka kuliko magonjwa mengine ya mfumo wa neva. Ugonjwa wenyewe haujawa mkali zaidi. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba watu wanaishi wakazeeka.

Kabla ya dawa, hakikisheni jambo moja, nalo linanigusa mwenyewe. Mama yangu mkubwa aliwahi kukakamaa hivi hivi, uso ukaganda, mikono ikatetemeka, na hospitali moja ikamwambia ana Parkinson. Nilipofika likizo nilikagua mfuko wake wa dawa nikakuta metoklopramide, dawa ya kichefuchefu, ambayo hospitali hiyo hiyo ilikuwa ikimjazia mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo inazuia dopamini isifanye kazi. Tuliiachisha, na baada ya miezi kadhaa alirudi kusuka ukili wake. Haloperidoli na klopromazini, zinazotumika kwa wagonjwa wa akili, zinaweza kufanya vilevile. Kwa hiyo kusanyeni kila kidonge baba anachomeza, pamoja na vya duka la dawa na vya mganga, mviweke kwenye mfuko mmoja, mvipeleke. Kama kuna anayokunywa kwa ajili ya akili au tumbo, asiiache mwenyewe, daktari aiangalie.

Msikimbilie kulipia picha za ubongo mkidhani zitaonyesha Parkinson. Picha ya kawaida ya ubongo wa mgonjwa huyu huonekana safi. Inapigwa kuondoa shaka ya mambo mengine, kama kiharusi au uvimbe. Parkinson tunaitambua kwa macho na mikono: namna mtu anavyoinuka kitini, mkono usiopunga akitembea, kiwiko kinavyokatakata ukikikunjua, na jinsi anavyoitikia levodopa. Mtetemeko wa upande mmoja mkono ukiwa umetulia, kama ulivyoeleza, unaelekea huko. Lakini kama angekuwa ameanza kuanguka ovyo tangu mwaka wa kwanza, au macho hayashuki kutazama chini, au levodopa ya kutosha haimsaidii kitu, ningefikiria magonjwa mengine yanayofanana nao, ambayo mwendo wake ni wa kasi zaidi.

Sasa kaka yako. Zungumza naye kwa heshima, maana nia yake ni njema, na hofu aliyoisikia hata sisi madaktari tuliwahi kuwa nayo. Levodopa si dawa ya jana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao wakalala bila kujongea. Alipowadunga levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1967 George Cotzias, akifanya kazi Marekani, alionyesha kuwa wagonjwa wakipewa dopa ya kumeza, mchanganyiko wenye levodopa ndani yake, kidogo kidogo hadi kiwango kikubwa, wanatembea. Baadaye ikaongezwa kabidopa, inayoizuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya kufika ubongoni, na kichefuchefu kikapungua sana. Tangu wakati huo hadi leo hakuna kidonge kilichoishinda kwa kuwarudishia watu mwendo. Imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Hofu yenyewe ilitoka wapi? Wagonjwa wanaotumia levodopa kwa miaka huanza kuona dozi inakatika kabla ya saa ya dozi nyingine, na wengine mwili unajinyonganyonga bila kupenda dawa ikiwa kileleni. Watu wakahitimisha kuwa dawa inachoka, au inaharibu. Jibu zuri kuliko yote limetoka Afrika. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 91 wa Ghana na wagonjwa zaidi ya 2,200 wa Italia. Waghana, kwa uhaba na umaskini, walikuwa wameanza dawa wakiwa wameumwa kwa wastani wa miaka zaidi ya minne. Waitalia walianza baada ya miaka miwili na kitu. Kama kaka yako yuko sahihi, Waghana wangekaa na dawa yao miaka mingi zaidi kabla ya matatizo hayo. Haikuwa hivyo. Yaliwajia mapema tangu waanze dawa, na ukihesabu tangu ugonjwa uanze, muda ulikuwa karibu sawa na wa Waitalia. Kinachohesabu miaka ni ugonjwa, pamoja na ukubwa wa dozi ya siku. Kuchelewa kuanza hakukuwanunulia kitu. Kuliwagharimu miaka ya kukaa wameganda.

Mwaka 2019 Waholanzi nao walitoa majibu yao. Walichukua wagonjwa wapya 445, nusu wakaanza levodopa mara moja, nusu wakacheleweshwa wiki 40. Kwenye wiki ya 80 makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwa hiyo dawa haiharakishi ugonjwa, wala haiupunguzi mwendo. Inampa mtu siku zake tu. Wale waliocheleweshwa walizikosa wiki 40 za kufunga vifungo vyao wenyewe, na hakuna aliyeweza kuwarudishia. Baba yako ameshakosa ngapi? Mwambie kaka swali hili nimeliuliza mimi, si wewe.

Jinsi ya kuitumia ndiko watu wengi wanakoharibikiwa, kwa hiyo nivumilie nikae hapa kidogo. Fuateni kiwango kilichoandikwa kwenye cheti. Kwa kawaida tunaanza na kidogo na kupandisha polepole kwa wiki. Saa za dawa ziwe saa kweli. Dawa ya saa moja asubuhi imezwe saa moja asubuhi, hata kama chai haijaiva. Simu iwekeni mlio. Protini ya chakula hushindana na levodopa kwenye mlango wa utumbo na tena kwenye mlango wa ubongo, kwa hiyo ameze nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Akimeza pamoja na wali na samaki wa nazi mchana, halafu mkaona dawa haijafanya kazi, dawa haina kosa. Siku za mwanzo, kichefuchefu kikimsumbua, kipande cha muhogo au mkate mkavu kinatosha kumtuliza. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visimezwe wakati mmoja na levodopa, vinaishika.

Akitapika, asipewe ile metoklopramide niliyoitaja. Akisimama na kuona kizunguzungu, ajifunze kukaa kitandani kwanza, miguu chini, ahesabu hadi ishirini. Akianza kuona watu wasiokuwapo chumbani, msinyamaze, na msikimbilie tena kwenye jini: rudini kliniki, dozi irekebishwe. Na asiache ghafla hata siku moja kwa sababu vidonge vimeisha. Kukatisha levodopa kwa ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakoua. Nunueni sanduku la pili kabla la kwanza halijafika nusu, kwa sababu dawa hii haipatikani kila duka.

Hapo hapo niseme kuhusu benzheksoli, dawa nyingine ya mtetemeko. Inapatikana kwa urahisi kliniki za akili na wazee wengi wenye mtetemeko hupewa. Kwa mtu wa miaka 67 siipendi. Inakausha mdomo, inafunga choo ambacho tayari ni kigumu, mkojo unazuilika, na mzee anaanza kusahau na kuchanganyikiwa. Mkipewa badala ya levodopa kwa kuwa ndiyo iliyopo, ulizeni.

Ramadhani. Umesema anakwenda msikitini, kwa hiyo najua itafika na atataka kufunga. Levodopa inafanya kazi kwa saa chache tu, na kukaa kutwa bila dozi ni kumwacha ameganda kuanzia asubuhi hadi futari, pamoja na hatari niliyoieleza. Aya inayomtaja mgonjwa na msafiri anaijua kuliko mimi. Mwende pamoja kwa shekhe wake, mumweleze hali, fidia itolewe. Sala aisali kwenye kiti, asihangaike na kuinuka kutoka sijida.

Upupu wa shangazi usiutupe kwa dharau. Shangazi yako amegusa jambo la kweli. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, ile ile ya kwenye kidonge. Wanasayansi wa India waliitoa humo mwaka 1937, na waganga wa huko walikuwa wakizitumia kwa watetemekaji zamani sana. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa 18 huko Bolivia, na dozi ya unga wa mbegu hizo ilifanya kazi vizuri kama vidonge. Habari hiyo huwa inasambazwa hapo ilipoishia. Lakini watafiti hao hao waliendelea, wakawapa wagonjwa 14 watumie kila siku katika utafiti wa wiki 16, na nusu yao waliacha njiani: wengine matumbo yaliwashinda, wengine mwendo ulizidi kuwa mbaya. Unga hauna kabidopa ya kuilinda levodopa, na kiasi kilichomo hubadilika mbegu kwa mbegu. Nani atajua kijiko cha shangazi kina miligramu ngapi? Na akichanganya kijiko hicho na kidonge, dozi zinapandana bila daktari kujua. Kwa nchi ambako kidonge hakipatikani kabisa, watafiti wana haki ya kuuchunguza. Baba yako ameshaandikiwa kidonge. Mshukuruni shangazi, unga uwekwe kando, na daktari aambiwe kama alishaunywa.

Nije kwenye shamba la Pangani.

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine, si uongo. Mwezi wa Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Moja ya Kyoto, Japani, ambako wagonjwa saba walipandikizwa ubongoni seli zilizotengenezwa kutokana na seli za mtu mwingine, zikafundishwa kuzalisha dopamini. Nyingine ya Amerika Kaskazini, wagonjwa 12. Lengo kuu la zote mbili lilikuwa kujua kama ni salama. Seli zilikaa, picha zikaonyesha dopamini inatengenezwa, hapakuwa na uvimbe wa saratani, na baadhi ya wagonjwa walionekana kupata nafuu. Ni habari iliyonifurahisha kweli. Lakini hesabu: saba na 12. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na kwenye Parkinson mtu akiamini tu kwamba ametibiwa, ubongo wake wenyewe unaweza kutoa dopamini na akaonekana amepona kwa miezi. Ile ya Amerika imepelekwa hatua ya tatu ya majaribio, penye kundi la kulinganisha.

Kliniki zinazotangaza kwenye simu ya kaka yako kwamba zinadunga seli shina kwenye mshipa wa mkono au mgongoni hazifanyi kitu hicho. Seli za Kyoto ziliwekwa kwa sindano nyembamba ndani ya ubongo, sehemu iliyopimwa kwa milimita. Mpe kaka kipimo kimoja rahisi: anayeshiriki majaribio ya kweli ya tiba hatozwi gharama ya ile tiba inayojaribiwa. Anayewaambia muuze minazi ili baba aingie kwenye "utafiti" anawauzia kitu.

Pengine kaka pia amesikia habari za waya ubongoni. Hiyo ipo, na ni tiba iliyothibitika. Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, waliianza mwaka 1987: waya mwembamba unaingizwa ndani ya ubongo, unaunganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua, na umeme mdogo unatuliza mitetemeko na kupunguza saa za kuganda. Hauponyi ugonjwa. Na sharti la kwanza la kumchagua mgonjwa ni kuona anavyoitikia levodopa. Ambaye levodopa haimsaidii, waya nao kwa kawaida hautamsaidia, isipokuwa kwa mtetemeko. Unaona basi, hata mlango wa upasuaji ufunguo wake ni kidonge kile kile kilichowekwa kabatini Makorora.

Uliuliza utafiti umefika wapi katika kuuzuia ugonjwa wenyewe. Nitakwambia ukweli mchungu kwanza: mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitika kuusimamisha wala kuupunguza kasi. Eksenatide, dawa ya kisukari tuliyoitumainia sana, ilishindwa kwenye majaribio makubwa yaliyotolewa mwaka 2025. Ndugu yake, liksisenatide, ilionyesha dalili ndogo ya kusaidia kwa wagonjwa 156 waliofuatwa mwaka mzima, matokeo ya 2024, huku wengi wakipata kichefuchefu. Haijatosha kuandikiwa mtu. Zile sindano za Alzheimer zilizozungumziwa sana baada ya kupitishwa Marekani mwaka 2023 ni za ugonjwa mwingine, ule wa kupoteza kumbukumbu, msichanganye.

Upande wa kutambua umesonga zaidi. Mwaka 2023 ulithibitishwa, kwa watu zaidi ya elfu moja, uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo unaonasa ile alfa-sinuklini iliyojikunja, na kwa wagonjwa karibu tisa katika kumi uliinasa. Bado ni chombo cha watafiti, si cha kwenda kuulizia hospitali ya Bombo. Mwaka huo huo watafiti wakiongozwa na Mwafrika mwenzetu, Mie Rizig, pamoja na wenzao wa Nigeria, walipata katika jeni iitwayo GBA1 badiliko linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo kwa Wazungu karibu halipo. Kwa miaka yote tafiti za jeni zilifanywa kwa Wazungu na baadaye Waasia, na badiliko hilo lilikuwa limelala tu kwetu. Dawa zinazolenga njia ya GBA1 zimo kwenye majaribio. Ninatamani wagonjwa wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam waingie kwenye daftari za tafiti kama hizo.

Sasa ile baiskeli. Mwaka 2019 kundi lile la Nijmegen lilitoa matokeo ya wagonjwa 130. Nusu walipewa baiskeli isiyosogea, ya kukanyagia nyumbani, nusu wakapewa mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya miezi sita, waliokanyaga pedali kama nusu saa hadi dakika 45, mara tatu kwa wiki, viungo vyao vilikuwa katika hali nzuri zaidi kuliko wenzao, vikipimwa kabla ya kumeza dawa. Hilo mnaliweza leo. Mpelekeeni fundi baiskeli baiskeli ya baba, achomelee miguu miwili mipana ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma hewani na isiyoyumba, iwekwe uani penye kivuli. Akanyage mpaka pumzi imwendee mbio kiasi cha kuweza kuongea lakini asiweze kuimba, saa moja baada ya dawa. Mtu mmoja awe karibu akipanda na kushuka. Kama ana ugonjwa wa moyo, daktari aulizwe kwanza.

Na mlango. Ukimvuta mkono atazidi kuganda, au ataanguka. Chukueni rangi nyeupe mchore mistari sakafuni, kuanzia hatua tatu kabla ya mlango hadi hatua tatu baada yake, umbali kati ya mstari na mstari uwe hatua yake ya zamani. Aambiwe avuke mistari, asiambiwe atembee. Ni seremala: mpeni futi yake, apime mwenyewe mtakapochora. Akikwama mahali pasipo na mstari, mtu mwingine aweke mguu wake mbele ya mguu wa baba, naye baba auruke. Kona azichukue kwa upana. Qurani aisome kwa sauti inayofika barazani, kila siku, kwa sababu sauti nayo inasinyaa kama maandishi.

Anzeni na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na ulizeni huduma ya mazoezi ya viungo. Dozi zikipanda bila nafuu, ombeni rufaa ya kwenda KCMC Moshi au Muhimbili, waliko wataalamu wa neva, ambao nchini ni wachache. Uende na daftari la kurasa nne tu: saa alizomeza, saa alizokula, saa alizokuwa mwepesi, saa alizoganda. Daktari mwenye dakika kumi atafanya mengi kwa daftari hilo.

Baada ya wiki sita niandikie tena. Niambie kwa siku anapita mlango mara ngapi bila kukwama.